Masikio ya Mpakani

Mtu anayesafiri kwa njia ya malori kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali, akiisha kuipita Isaka na Kahama na kuiacha nyuma nchi tambarare ya wafugaji, hufika Lusahunga, mahali ambapo barabara moja hukata kwenda Biharamulo mjini na nyingine huendelea magharibi kwa Nyakahura hata vituo vya Rusumo na Kabanga. Na katika ukanda huo, baina ya wilaya ya Biharamulo na ile ya Ngara, ndimo ilimo Nyamahanga, ambayo haijapata kutajwa sana vitabuni, wala hatuitaji hapa kwa ajili ya vita au ya mfalme aliyezaliwa kwake. Twaitaja kwa ajili ya masikio ya watu wake. Mtoto wa ukanda huo hukua akisikia Kisubi, Kihangaza, Kishubi, Kiha na Kizinza, Kihaya cha watu wa kaskazini, Kisukuma cha wenye ng'ombe waliohamia na makundi yao, Kirundi na Kinyarwanda cha majirani na wakimbizi, na juu ya zote Kiswahili, lugha ya shule, ya mnada, ya zahanati na ya ofisi ya kata. Na kabla hajajua kuandika jina lake amekwisha kujua kupima, kwa sauti ya kwanza tu ya mgeni, ni maamkio gani yamfaayo.

Elimu hiyo ya masikio, ambayo haina cheti wala mtihani, ndiyo maudhui ya sura hii. Wako wataalamu, na wengine wao wamezaliwa mbali sana na Ziwa Viktoria, waliotumia maisha yao kutafuta yale ambayo mama muuza ndizi wa Nyamahanga huyajua bila kuyatafuta, yaani namna ulimi wa mtu unavyohifadhi habari za njia aliyoipita. Na wako pia maofisa, wa Ulaya na wa kwetu, waliotaka ulimi huo huo utoe ushahidi wa jambo jingine kabisa, useme si njia ya mtu bali taifa lake, kana kwamba Mwenyezi Mungu alipozigawa lugha alikuwa ameishika ramani ya mipaka mkononi.

Na ramani yenyewe haikutulia. Tarehe 30 Mei 1919, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji waliafikiana namna ya kugawana makoloni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki, na katika mapatano hayo nchi ya Gisaka, iliyo ng'ambo ya magharibi ya mto Kagera na ambayo watu wake ni Wanyarwanda, ikawekwa upande wa Waingereza, waliokuwa wakitamani nafasi ya kupitisha reli. Miaka michache baadaye, baada ya malalamiko mengi, ikarudishwa Rwanda chini ya Wabelgiji. Bibi aliyekuwa akipalilia maharage yake Gisaka alitoka serikali moja akaingia nyingine, kisha akarudi alikotoka, na jembe lake halikuondoka shambani. Wataalamu wa lugha za Kibantu nao, walipoziweka lugha hizo katika mafungu, hawakuweza kuutii mpaka: katika hesabu ya Malcolm Guthrie, Kinyarwanda ni namba 61, Kirundi 62, Kishubi 64, Kihangaza 65 na Kiha 66, zote za kundi moja, ilhali mbili za kwanza zimepewa bendera na wimbo wa taifa, na tatu za mwisho zimebaki lugha za nyumbani za raia wa Tanzania. Mhangaza na Mrundi wakikutana sokoni, kila mmoja aweza kushika lugha yake na biashara ikafanyika bila mkalimani.

Basi hali ikiwa hivyo, ndipo yalipotokea ya mwaka 1994. Baina ya tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa ishirini na nne, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakiikimbia Rwanda, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likasema halijapata kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka mpaka kwa haraka namna ile. Walipokelewa Benaco, mahali palipopata jina hilo kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, na baada ya siku chache pakawa na mji wa turubai uliosemwa kuwa wa pili kwa ukubwa katika Tanzania nzima. Mwaka uliofuata Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Ngara idhaa ya Radio Kwizera, ikisema na wenyeji na wageni kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi wenyewe; na si vibaya kukumbuka kwamba, kabla simu za mkononi hazijafika katika vilima hivyo, redio hiyo ilikwisha kuwazoesha watu kupokea habari za kwao, kwa lugha ya kwao, wakiwa katika nchi ya wenzao. Mwezi wa Desemba 1996 serikali iliamuru Wanyarwanda warudi, nao wakarudi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa miguu na wengi kwa kushurutishwa. Warundi, waliokuwa wamekimbia vita vya kwao, wakabaki katika kambi ya Lukole, humo humo Ngara, hata ilipofungwa mwaka 2008.

Lukole ndiko alikokuja mwanaanthropolojia Simon Turner kutoka Denmark, akafanya utafiti wake mwaka 1997 na 1998, akaona jinsi vijana waliopata uongozi wa mitaa ya kambi na kazi za mashirika walivyowapita wazee wao kwa heshima na kwa sauti, na jinsi siasa, ambayo kambini ilikatazwa, ilivyojificha ndani ya uvumi na mazungumzo ya jioni. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 2010. Lakini kabla ya kitabu hicho, katika makala aliyoitoa mwaka 2008, Turner alikwisha kuwafuata Warundi mahali pengine ambapo hapana turubai wala mgawo wa mahindi, nako ni kwenye intaneti, ambako Warundi waliotawanyika Ulaya na Amerika walikuwa wakibishana usiku kucha juu ya nani alimdhulumu nani. Na akaonyesha kwamba maneno ambayo nyumbani Burundi hayasemeki hadharani, huko ughaibuni, mbele ya kioo cha kompyuta, yalisemwa na kujibiwa kwa ukali usiokuwa na kizuizi. Mimi naiona hatua ile ya Turner, kutoka Lukole kwenda kwenye intaneti, kuwa ya maana kuliko alivyoieleza mwenyewe, kwa kuwa iliwaonyesha wasomi wenzake kwamba kambi haiishi inapofungwa: watu hutoka nayo, wakaibeba katika maneno yao.

Wengine walikwisha kuupitia upande wa pili wa jambo hilo hilo, yaani upande wa kunyamaza. Liisa Malkki, aliyekaa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, akachapisha kitabu chake mwaka 1995, aliwakuta Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 katika hali mbili zilizoachana mno. Wale wa Mishamo walikuwa wameitunga historia yao, wakaisimulia kwa fahari ya watu waliodhulumiwa. Wale wa Kigoma hawakutaka kuitwa wakimbizi hata kidogo, walioa na kuolewa, wakafanya biashara, na mara nyingine wakajipitisha kuwa Waha, jambo ambalo ulimi wao uliwarahisishia, kwa vile Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Marc Sommers naye, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaeleza vijana wa Kirundi waliotoroka makazi ya wakimbizi wakaja Dar es Salaam kushona nguo, wakalala katika vyumba vya mafundi, wakauogopa mji, na wakajifunza kwa bidii Kiswahili cha mjini pamoja na lugha ya wahuni, ili asiwepo abiria ndani ya basi wala polisi barabarani atakayewajua kwa lafudhi.

Msomaji wa pwani huenda akauliza lafudhi hiyo ni ipi. Wengi wa watu wa maziwa makuu hawazitenganishi sauti za r na l kama wazitenganishavyo watu wa mrima na visiwani. Mmoja atasema "kurara" pale ambapo mwingine husema "kulala", na askari wa vizuizi barabarani wamekuwa wakiitegea sauti hiyo kama mvuvi ategeavyo dema. Wasomaji wa Biblia watakumbuka mtego kama huo katika Waamuzi, sura ya 12, kwenye vivuko vya Yordani. Tatizo la mtego wa Kagera ni kwamba haumnasi Mrundi peke yake. Humnasa Mhangaza, Mshubi na Mha, na hata Mhaya mwenye shahada mbili, ambao wote walizaliwa Tanzania na babu zao wamezikwa humo.

Lakini mwanachuoni ambaye habari zake zina faida kubwa zaidi kwa mada yetu ni Jan Blommaert, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1961 na kufariki tarehe 7 Januari 2021. Huyu aliingia katika elimu ya lugha kwa mlango wa Kiswahili. Alisoma historia na lugha za Afrika katika Chuo Kikuu cha Ghent, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1989 ilihusu mtindo wa Kiswahili cha siasa. Akaja Dar es Salaam, akawasikiliza wahadhiri wa Mlimani wakichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, nusu kwa fahari na nusu kwa mazoea, akaandika juu yao mwaka 1992. Na mwaka 1999 akatoa kitabu juu ya itikadi ya serikali na lugha katika Tanzania, ambamo alieleza jinsi Kiswahili kilivyoenea kwa mafanikio ambayo nchi chache za Afrika zimeyapata, ilhali lile tumaini la waliokieneza, kwamba kitabeba ujamaa kichwani mwake na kuufikisha kila kijiji, halikutimia. Hayo aliyaandika mtu aliyeipenda nchi hii. Wako Watanzania waliochukia kuambiwa hivyo na mgeni, na chuki yao naielewa, ingawa sioni kwamba alisema uongo.

Aliporudi kwao, Afrika ilimfuata. Miaka ya mwisho ya karne iliyopita Ubelgiji ilipokea watu wengi walioomba hifadhi, na Blommaert, pamoja na mwenzake Katrijn Maryns, alizichunguza hadithi walizozisimulia Waafrika hao mbele ya maofisa. Aliona jambo ambalo mtu aliyekaa Kariakoo, Dar es Salaam, au Buyenzi, Bujumbura, haoni ajabu kulisikia, nalo ni kwamba mwenye kusimulia msiba wake kwa Kifaransa au Kiingereza cha kuokoteza, akikatishwa na maswali ya tarehe na majina ya mitaa, hutoa hadithi iliyovunjika. Na ofisa, ambaye kazi yake ni kuifunga hadithi hiyo katika karatasi mbili tatu za faili, huuona uvunjikaji ule kuwa dalili ya uongo. Faili husafiri kutoka meza hadi meza, na kila meza huisoma bila kuisikia sauti iliyoizaa.

Kisa kilichompa Blommaert hoja yake kamili alikichapisha mwaka 2009 katika jarida la *Current Anthropology*. Ni kisa cha kijana aliyempa jina la kubuni la Joseph, aliyeomba hifadhi Uingereza akisema yeye ni Mnyarwanda. Kwa maelezo yake, alizaliwa Kigali, akakaa Kenya alipokuwa mtoto mdogo sana na huko akaanza Kiingereza katika shule ya watoto. Wazazi wake walipouawa, akalelewa na jamaa ambaye lugha ya nyumbani kwake ilikuwa Kinyankole, akakifahamu Kinyarwanda kwa kukiokota kwa watoto wenzake, si kwa kukaa darasani. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilipomhoji ilisikia Kinyankole, ikaitazama ramani, ikaona kwamba Kinyankole ni lugha ya Uganda. Na kwa kuwa Kinyarwanda chake kilikuwa haba na Kifaransa hakukijua, ikahukumu kwamba kijana huyo si Mnyarwanda.

Tuitazame hukumu hiyo kwa utulivu, maana wanaoitoa si watu wajinga. Mwanzo wake ni fikra kwamba kila mtu ana lugha moja ya asili, kwamba kila lugha ya asili ina nchi yake, na kwamba mtu akiwa na lugha ya nchi fulani basi ni wa nchi hiyo. Kwa Mwingereza aliyezaliwa na kuzeeka katika kijiji kimoja cha Kent, fikra hiyo huenda ikafaa. Kwa mtu wa maziwa makuu haifai hata siku moja. Mwaka 1959 na miaka iliyofuata Watutsi wengi wa Rwanda walikimbilia Uganda, watoto wao wakazaliwa na kulelewa miongoni mwa Wanyankole, na kuanzia mwaka 1994 maelfu yao wakarudi Rwanda wakiwa na Kinyankole, Kiganda na Kiingereza vinywani. Baadhi yao wakawa mawaziri na majenerali. Ikiwa Kinyankole kinamtoa mtu katika Unyarwanda, basi katika miaka ile sehemu kubwa ya serikali ya Kigali ilikuwa ya Waganda! Blommaert hakulisema kwa kejeli kama mimi. Alisema kwamba orodha ya lugha za Joseph, iliyoonekana kuwa ya ajabu, ilikuwa ithibati ya maisha aliyoyaeleza: kila lugha ilikuwa mahali pake, katika kiasi chake, kama mtoto yatima wa vita vile angeweza kuipata. Wizara ilitafuta pasi ya kusafiria ndani ya kinywa cha kijana, na kilichokuwamo ni tarikhi ya maisha yake.

Wanaisimu walikwisha kujaribu kuweka utaratibu kabla ya hapo. Mwezi wa Juni 2004 wataalamu kumi na tisa wa nchi mbalimbali walitia saini mwongozo juu ya matumizi ya uchunguzi wa lugha katika kesi za wakimbizi, wakasema kwa lugha nyepesi kwamba uchunguzi huo waweza kuonyesha mtu alilelewa katika jamii gani ya wasemaji, lakini uraia wake hauwezi kuuonyesha. Mwongozo uliheshimiwa na wengine na kupuuzwa na wengine. Waliouona upuuzaji huo kwa karibu ni Waswahili wenzetu, Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia, waliofika Uingereza wakiomba hifadhi na kutakiwa waseme Kibajuni kitupu, kisichochanganyika. Na kijana aliyeondoka Chovai akiwa mchanga, akakulia Mombasa au katika kambi ya Kenya, alipofungua kinywa chake kikatoka Kiswahili cha Mombasa. Derek Nurse, ambaye ni miongoni mwa wanaisimu wachache waliojifunza Kibajuni kwa undani, aliombwa mara nyingi kutoa maoni katika mashauri kama hayo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la waombaji wawili waliosema ni Wasomali na ambao kampuni moja ya Sweden ilikuwa imewasikiliza ikaamua kwamba wametoka Kenya, ilisema kwamba ripoti za namna hiyo zaweza kupokelewa mahakamani, ila mtaalamu wa lugha asitoe hukumu juu ya mambo yaliyo nje ya taaluma yake.

Tangu hapo dunia imeingia katika mambo ya simu, na Blommaert, katika miaka yake ya mwisho huko Chuo Kikuu cha Tilburg, aliyashughulikia mambo hayo kwa bidii. Alikwisha kuandika, mwaka 2013, kitabu kizima juu ya mtaa wake mwenyewe wa Berchem, mjini Antwerp, akisoma vibao vya maduka na matangazo ya makanisa ya wahamiaji yaliyobandikwa madirishani. Mwaka 2018 akatoa kitabu kingine akiwaambia wanasosholojia kwamba hawawezi tena kuieleza jamii bila intaneti, kwa kuwa watu wasiopata kuonana hata mara moja sasa hujiunga, wakaafikiana desturi, wakakosoana na kufukuzana, na mambo hayo yote yamo katika maisha yao ya kila siku, si kando yake.

Nyamahanga haihitaji kitabu ili kuliamini hilo. Tuseme pana ukoo mmoja uliolelewa Lukole. Dada mkubwa alichukuliwa Marekani, kwani kuanzia mwaka 2007 maelfu ya Warundi wa mwaka 1972 walipelekwa huko kutoka kambi za Tanzania. Kaka alirudi Burundi kambi ilipofungwa, akakimbia tena katika machafuko ya mwaka 2015, akapokelewa katika kambi ya Nduta, mkoani Kigoma. Dada mdogo aliolewa na Mtanzania, akabaki Nyamahanga. Wote watatu wamo katika kundi moja la WhatsApp. Dada wa Marekani anatuma ujumbe wa sauti alfajiri ya kwao, akiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, na katika dakika moja na nusu anaamkia kwa Kirundi, "Amahoro", anataja wagonjwa na maiti kwa Kirundi, anaingia Kiswahili mara moja anapofika kwenye fedha, "nimetuma laki na nusu, mtoe ya kutolea", analalamika juu ya shifti na ovataimu, anaomba dua kwa maneno ya kanisa aliyoyashika kambini, kisha anamtania shemeji yake kwa Kihangaza alichokizoea alipokuwa msichana akiuza kuni kwa wenyeji. Kaka wa Nduta anajibu kwa Kirundi kitupu, kwa kuwa spika ya simu yake iko karibu na wenzake. Dada wa Nyamahanga hutuma maandishi, si sauti, na huyatuma kwa Kiswahili sanifu, kama cha kitabu cha shule; na mwenye kuijua historia ya wilaya hizi haulizi sababu.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mtafiti wa leo. Katika kundi la ndugu watatu, lugha zile zile hugawanyika kwa namna tatu, na kinachozigawa ni nani aliye karibu na msikilizaji, nani anayeweza kuisikia simu, na serikali gani iko mlangoni. Mwezi wa Mei 2015, redio za Bujumbura zilipochomwa na kufungwa, waandishi wa habari wa Burundi walianzisha SOS Médias Burundi na kuzieneza habari zao kwenye mitandao ya kijamii, na sauti zilizorekodiwa uhamishoni zikarudi nchini kwa simu, kutoka mfuko hadi mfuko. Ukoo uliokuwa ukitumiana salamu ukajikuta una habari za mauaji ndani ya simu hiyo hiyo yenye picha za kipaimara cha mtoto. Mtu akisema kwamba vijana siku hizi huandika ovyo mitandaoni, kwa lugha zilizochanganyika, simkatalii kuhusu tahajia. Ila mchanganyiko huo haukuanza na simu, wala haufanywi ovyo.

Na lipo la kuogofya. Ujerumani, kuanzia mwaka 2017, imekuwa ikitumia programu ya kompyuta kuisikiliza sauti ya mwomba hifadhi na kukisia lahaja yake ya Kiarabu, na sheria ya mwaka huo ikairuhusu Idara ya Shirikisho ya Uhamiaji na Wakimbizi kufungua simu za wasiokuwa na hati na kuchambua yaliyomo, pamoja na lugha za jumbe zao. Mwezi wa Februari 2023 mahakama ya juu ya utawala ya nchi hiyo ikaamua kwamba kuzifungua simu mwanzoni kabisa, kabla ya kutazama vithibitisho vingine, kulikuwa kinyume cha sheria. Fikiria mashine ya namna hiyo ikisikiliza ujumbe wa dada wa Marekani. Ingemwita nani? Mashine itakayopewa Kirundi na Kinyarwanda na isipewe Kihangaza wala Kishubi haitasema kwamba haijui. Itachagua mojawapo ya zile ilizofundishwa, na kumpa ofisa jibu lenye asilimia zake.

Sisi nasi tusijione watakatifu. Tanzania ilifanya tendo kubwa ilipowapa uraia Warundi 162,156 wa mwaka 1972, uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 na vyeti vyake vikaanza kugawiwa mwaka 2014, na sijui nchi nyingine iliyofanya kama hivyo kwa wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo. Lakini baina ya miaka hiyo miwili, mwezi wa Julai 2013, Rais Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali siku chache waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Yalikuwako malalamiko ya kweli ya ujambazi na ya silaha maporini, nayo hayakustahili kudharauliwa. Hata hivyo, katika wale maelfu walioondoka au kuondolewa walikuwamo watu waliokaa miongo, wenye wake, waume na watoto Watanzania. Na katika wilaya ambazo wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho cha taifa, mtu alitakiwa ajithibitishe kwa mashahidi, kwa makaburi ya wazee wake, na kwa namna anavyosema. Naamini kwamba la mwisho lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu shahidi aweza kuhojiwa na kaburi laweza kutembelewa, lakini mwenye kumshutumu mtu kwa lafudhi hatakiwi na yeyote aonyeshe elimu yake ya lafudhi aliipata wapi.

Elimu hiyo ingeweza kupatikana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 2001 mradi wa lugha za Tanzania, na mwaka 2009 ukatoa *Atlasi ya Lugha za Tanzania*, kazi ya heshima ambayo kila shule ya sekondari ingefaa kuwa nayo. Atlasi huonyesha lugha zinasemwa wapi. Iliyobaki ni kazi ya kuzirekodi sauti zenyewe, Kihangaza karibu na Kirundi cha Muyinga, Kishubi karibu na Kisubi, ya wazee wasiovuka mto na ya vijana wenye simu, na kuziweka mahali ambapo hakimu, wakili na ofisa wa uhamiaji wataweza kuzisikiliza. Nawaomba walimu wa isimu wa vyuo vyetu wawatume wanafunzi wao Nyamahanga kwa kazi hiyo, ambapo hapatakiwi viza wala nauli ya ndege. Na nawaomba wakuu wa uhamiaji wa mkoa wa Kagera, sauti hizo zitakapopatikana, wawape maofisa wapya siku moja ya mafunzo ya kuzisikiliza zikiwa zimefunikwa majina ya mahali zilikotoka, waandike karatasini ipi ni ya Mtanzania na ipi si yake, na majibu yao yasahihishwe kabla hawajapangiwa zamu ya kizuizini.